Vibanio Vinne vya Mama Povu

Saa nne asubuhi, chumba cha kufulia cha hospitali kimejaa mvuke. Uani, Mama Povu, dobi aliye mwaka wa kumi na moja kazini, anaanika mashuka. Kwenye aproni yake vinaning'inia vibanio vinne vya nguo, kila kimoja kimeshika kikaratasi chenye neno la Kiingereza: because, therefore, although, however.

"Mashuka mia tatu kwa siku siyaogopi," anasema. "Naogopa haya maneno manne."

Ijumaa ana mtihani wa usimamizi wa zamu: ripoti ya nusu ukurasa, kwa Kiingereza, maelezo yashikane kwa maneno kama hayo. Ameshafeli mara mbili, na nafasi ya tatu ndiyo ya mwisho. Akipita, atapata meza na kiti. Akifeli, ataendelea kusimama kwenye sakafu ya saruji, na jioni miguu yake haiingii tena kwenye viatu.

Walimu anao, tena wamezidi. Binti yake, mwanafunzi wa sekondari, alimwambia maneno hayo hukaa katikati ya sentensi. Jirani yake karani akasema yakae mwanzoni, wakubwa wanapenda. Mpiga pasi, ambaye hakuna aliyemuuliza, akasema ayajaze tu. Mama Povu akawatii wote watatu.

Saa ya chai, ndani, anawasomea wenzake ripoti ya mazoezi kuhusu mashine ya kufulia na kazi ya jana, maneno manne yamejaa kila mstari. Anamaliza.

"Shoga, kwa hiyo mashine iliharibika au ilipona?" anauliza fundi wa kushona viraka.

"Mimi nimesikia imeolewa," anadakia mpiga pasi.

Chumba kizima kinaangua kicheko. Mama Povu hacheki. Anakunja karatasi mara nne.

Mpiga pasi anashusha sauti. "Basi dada, tuambie tu. Jana ilikuwaje?"

"Si ulikuwepo? Mashine ilizima kwa sababu bomba liliziba, kwa hiyo tukafua kwa mikono. Ingawa tulichelewa, chumba cha upasuaji hakikukosa shuka hata moja."

"Si ripoti umeshaimaliza?" anasema mpiga pasi.

Mama Povu anagusa vibanio vitatu, kimoja kimoja, midomo ikichezacheza: kwa sababu, kwa hiyo, ingawa.

"Sasa ndiyo mmenivuruga kabisa," anasema. "Kumbe ninayo? Yamekaa wapi siku zote?"

Anapanga kwamba Ijumaa atajisimulia kwanza kimoyomoyo, kwa Kiswahili, kama anayemjibu mpiga pasi, ndipo ashike kalamu. Lile la nne, however, bado halielewi. Anakitia kikaratasi chake mfukoni, anarudi uani, na kwa kibanio kile anabania shuka.

"Hilo litanisubiri," anasema. "Nitalisoma nimekaa."