Kutoka Mlangoni Hadi Kwenye Ua wa Minyaa

Mimi ni mtu wa kuanza mambo. Daktari wa Migori aliponiambia kwamba presha yangu imepanda, na kwamba miguu yangu inavimba kwa sababu nakaa kwenye cherehani kutwa nzima, nilianza siku hiyo hiyo. Nilinunua raba. Nikaacha sukari, chumvi, chapati na nyama kwa mkupuo mmoja. Alfajiri nikawa natoka mbio kuelekea mtoni, leso imefungwa juu ya suruali ya michezo kwa sababu niliona haya. Wiki ya kwanza nilijisifu kwa kila mteja. Wiki ya pili kichwa kikaniuma kwa kukosa chai ya sukari, nikawafokea wateja wale wale. Wiki ya tatu mvua ikanyesha siku mbili mfululizo, na raba zikaenda kukaa chini ya kitanda.

Nimefanya hivyo mara nne, kama si tano. Kuna wakati ilikuwa kamba ya kuruka. Kuna wakati ilikuwa maji ya ndimu kabla ya kunywa chochote. Dawa za presha nazo nilizimeza kichwa kikiuma, kikipoa, naziacha. Sikuwa mvivu. Shida yangu ilikuwa kutotulia. Hata chakula nilikila nimesimama, sahani mkononi, huku jicho liko kwenye nguo ya mtu.

Dada yangu ananizidi miaka sita. Aliolewa Kisegi, upande wa Homa Bay, na mumewe alipofariki alibaki kwenye boma lake, akilima mihogo na kuuza omena, dagaa wa ziwani. Asubuhi moja, akiwa anaanika omena juani, mkono wa kulia ulikataa kuinuka. Majirani walipomfikia, mdomo ulikuwa umeenda upande. Ulikuwa ugonjwa wa kiharusi. Alikaa hospitalini wiki mbili, kisha wakamruhusu aende nyumbani. Wanawe wote wawili wanafanya kazi mbali, kwa hiyo nilifunga kibanda changu, nikabeba cherehani ndogo ya mkono, nikaenda kumtunza.

Hospitalini walikuwa wamempa zoezi moja tu: atoke mlangoni, aende hadi kwenye ua wa minyaa, arudi. Asubuhi mara moja, jioni mara moja. Akizoea, aongeze kidogo.

Kwangu ule ulikuwa mwendo wa kupiga chafya. Kwake ulikuwa safari. Aliinua mguu wa kushoto, akaegemea fimbo, akauvuta wa kulia kama mtu anayeburuta gunia, akasimama kupumua. Mimi niko pembeni, nimemshika kiwiko, mwili mzima unaniwasha. Uji uko jikoni, nguo hazijafuliwa, kuku wameingia kwenye mboga, na sisi tumesimama katikati ya uwanja tukitazama kisiki.

"Twende, dada."

"Mos, mos," akasema. Kwetu neno hilo ni pole na ni polepole pia, na sikujua alikuwa ananipa lipi.

Baada ya siku kumi niliona amepata nguvu. Kwa kweli mimi ndiye niliyekuwa nimechoka kuuona ule ua. Jioni hiyo tulipoufikia, sikumgeuza.

"Leo tufike barabarani," nikamwambia. "Ni pale tu."

"Waliniambia niishie hapa."

"Walisema uongeze."

"Kidogo, walisema."

Nilimvuta. Sisemi nilimshawishi, nilimvuta. Tulikuwa tumepita pengo la ua na kukanyaga mteremko wenye changarawe fimbo ilipoteleza, akaanguka kwa upande ule ule mbovu. Hakulia. Alilala pale akinitazama kwa macho yetu yale, tuliyorithi kwa mama, na mate yakimtoka kwenye pembe ya mdomo.

"Wewe," akasema, kila neno akilitafuta, "unakimbia nini?"

Nilimwita jirani tukamwinua. Hakuvunjika, ila goti lilichubuka na nyonga ikavimba. Kesho yake alikataa kutembea. Keshokutwa pia. Nilimwomba msamaha mara ya kwanza na ya pili, akageukia ukutani. Usiku sikupata usingizi, na mchana nilifua hadi nguo safi. Nilikuwa na hofu ambayo sikumwambia mtu: kwamba kwa haraka zangu nilikuwa nimemlaza dada yangu kitandani moja kwa moja.

Siku ya nne alikuja mhudumu wa afya wa kijiji, mama wa makamo mwenye begi la mashine ya kupima presha. Alimpima dada kwanza, akaandika, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha akanitazama nilivyokuwa nikiingia na kutoka, mara kiti, mara chai, mara namfukuza kuku.

"Na wewe kaa nikupime."

"Mimi ni mzima."

"Kaa."

Alinipima. Akasubiri, akanipima tena mkono wa pili. Akaisoma ile namba polepole, halafu akaisoma ya dada, kisha akauliza, "Sasa mgonjwa wa hapa ni nani?"

Yangu ilikuwa juu kuliko ya dada, na si kwa kidogo. Akaniuliza kuhusu dawa, nikababaika. Ndipo dada, ambaye hakuwa amenisemesha siku tatu, akaanza kucheka. Kicheko chenyewe kilikuwa cha upande mmoja, lakini kilikuwa chake. Alicheka mpaka akakohoa.

Mhudumu alipoondoka, dada akaniita.

"Nitatembea," akasema. "Lakini kwa masharti. Unameza dawa yako nikikuona. Unakula umekaa, hapa, karibu nami, mpaka sahani iishe. Na tukitembea, mimi ndiye nitakayesema twende."

"Sawa, nyaminwa, dada yangu."

Sitadanganya kwamba ilikuwa rahisi. Kukaa chini na kula mboga ya osuga na kipande cha ugali bila kuinuka hata mara moja kulinishinda kuliko zile mbio za alfajiri. Miguu ilitikisika chini ya meza. Dada alinitazama, akatafuna kwa upande wake mzuri, akanyoosha kidole cha mkono wa kushoto: kaa. Chumvi tulipunguza kwa kijiko, si kwa hasira. Sukari nilitoka vijiko vitatu hadi viwili, na vile viwili akanikubalia.

Tukaenda hadi kwenye ua na kurudi. Wiki ikaisha, tukafanya mara mbili kila asubuhi na mara mbili kila jioni, badala ya moja. Wiki nyingine akaongeza miti miwili kupita ua. Kuna siku alikuwa na hasira hatukwenda popote, na mimi nikaanza kuhesabu tumeharibu kila kitu, kama kawaida yangu. Kesho yake akachukua fimbo kana kwamba hakuna kilichotokea.

Mwezi wa tatu tangu nifike kwake, siku ya soko, alivaa gauni lake la kanisani akasema twende. Tulipumzika njiani mara sita. Sokoni alisimama mbele ya mwenye samaki, akamlaumu kwa bei, akachagua ngege wake mwenyewe, na watu wakaacha biashara kuja kumshika mkono. Nilisimama nyuma yake nikilia waziwazi.

Sasa nimerudi Migori, na wateja wamerudi. Bado situlii, nadhani nitazikwa hivyo. Presha imeshuka, ingawa daktari hajaridhika. Natembea kila jioni nikifunga kibanda, hadi kanisani na kurudi, mwendo ambao zamani ningeuona wa kitoto. Juma lililopita nilikosa siku tatu kwa ajili ya sare za shule zilizokuwa zinangojewa. Siku ya nne ile sauti ya zamani ilinijia, inaniambia basi, umeharibu, ngoja mwezi mpya uanze upya. Nilikaa nayo kidogo kwenye benchi. Halafu nikafunga mlango, nikaenda. Nilipokuwa karibu na kanisa mvua ikaanza, na sikukimbia.