Mafiga ya Mama Mkwe

Wakati wa Emajensi, tulipohamishiwa kijiji kipya huko Kanja, kila nyumba ililazimika kutoa mtu mmoja kila asubuhi kuchimba handaki la serikali ya kikoloni la kuwazuia Mau Mau waliokuwa msituni. Kwa hiyo karani wa chifu alipopita kuhesabu nyumba, hakuna aliyetulia. Mimi nilikuwa nimesimama uani kwa jirani yangu, mwanamke ambaye mumewe alikuwa kizuizini. Ubavuni mwa nyumba yake, chini ya paa lile lile, palikuwa na chumba chenye mlango wake. Humo alilala mama mkwe wake, ajuza aliyepinda mgongo.

“Milango miwili, nyumba mbili,” karani akasema.

“Ni moja, bwana karani!” jirani akamkatiza. “Kile ni chumba tu. Angalia kama kuna mafiga.”

Kwetu, mwanamke asiye na mafiga yake hana nyumba, na karani alikuwa mtu wa huku huku. Akainama, akachungulia, akakuta sakafu imefagiwa.

“Basi, moja.”

Ndipo ajuza akatokea nyuma ya nyumba, amekumbatia jiwe lenye masizi.

“Nani ametupa mafiga yangu kwenye migomba?”

“Mama, nyamaza! Watakupeleka handakini.”

“Nitachimba. Lakini niliolewa nikapewa nyumba yangu. Sitakufa mgeni wa mkaza mwanangu. Karani, andika mbili.”

Leo nasikia wapimaji wa majumba mjini wakibishana kama chumba cha uani ni nyumba kamili. Si wamuulize anayepika humo? Ila kwanza wamwonyeshe jembe.