Viti Vitupu vya Saa Nane

Mwaliko ulisema saa nane mchana, na saa nane kamili nilikuwa mlangoni na kamera yangu. Ulikuwa ukumbi wa kukodi hapa Ilford, mashariki mwa London, karibu na stesheni. Ndani kulikuwa na viti tele na watu tisa.

Mmoja wao alikuwa dada yangu, mwandaaji wa mkutano. Alikuwa amemwalika mwanasiasa wa upinzani kutoka nyumbani aje azungumze na Watanzania wa London. Wenzake waliogopa waandishi wa habari, lakini aliwatuliza: mwandishi ni mdogo wangu, atatutendea haki. Nilipoingia nchi hii nililala sebuleni kwake miaka miwili.

"Mdogo wangu, umewahi mno," alicheka huku akinyoosha mistari ya viti. "Huwajui watu wetu?"

Niliwajua sana. Kazini hatuchelewi hata dakika, ila mkutano wetu wenyewe tunauendea tukishapika, tukala na kusuka watoto nywele. Mwezi uliotangulia, waziri kutoka nyumbani alipozungumza katika ukumbi huohuo, mwaliko wake nao ukisema saa nane, nilikaa nje na kahawa mpaka watu wakajaa, ndipo nikapiga picha.

Simu ikatetemeka. Alikuwa mhariri wa tovuti yetu ya habari.

"Piga sasa hivi. Wide. Viti vyote vionekane."

"Bosi, watu bado wako njiani."

"Mwaliko si umesema saa nane? Sasa ni saa nane. Hiyo ni fact. Tuma."

Ningeweza kumdanganya kwamba betri imekwisha. Lakini mkataba wangu ulikuwa ukingoni, na woga wangu ulijua hivyo kabla yangu. Nilipiga, nikapiga tena. Nikatuma.

Saa tisa na nusu ukumbi ulifurika, wengine wakasimama hadi kwenye korido. Nilipiga picha nyingine kumi na kuzituma zote. Mhariri hakutumia hata moja. Ile ya kwanza ilikuwa tayari mtandaoni, na juu yake: "Watanzania London wamsusia mpinzani."

Simu zilianza kulia ukumbini, moja baada ya nyingine. Nilimwona dada akisoma yake kando ya jukwaa. Nilitamani kutoka, lakini njia ilikuwa imezibwa na umati ambao nilikuwa nimeshautangaza kwamba haupo.

Alinifuata hadi nyuma, akaniwekea simu usoni. Katikati ya viti vitupu alikuwa yeye mwenyewe, ameinama, anapanga mistari.

"Picha ya waziri uliipiga saa ngapi?"

"Saa tisa na nusu."

Alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyepewa majibu ya vipimo aliyokuwa akiyatarajia. Mama mmoja aliyekuwa karibu akamwuliza kama mimi ndiye yule mdogo wake.

"Huyu?" alisema dada. "Huyu ni mwandishi wa habari."

Kisha akaenda kumtafutia yule mama kiti, lakini hakikuwa kimebaki hata kimoja.