Pascalia na Moto wa Fahali

Watu wa hapa Shinyalu wakimwona Pascalia akipita na mkono wake uliopinda, husema alipigwa na umati. Ni kweli, ila wanasahau kusema kwamba umati wenyewe ulikuwa wao. Mimi nimekaa naye ua kwa ua tangu tuolewe, na sitaki habari zake zisimuliwe na watu waliokuwa wameshika rungu.

Mume wake, Shikanga, alikuwa na fahali wa kupigana aliyeitwa Komando. Katika ukoo wao, kijana anayemtunza fahali hulala naye zizini, na pambano likikaribia haogi, hasalimiwi wala hatulizwi. Wanaamini moto wa fahali humwingia, na ukimpoza kijana umempoza ng'ombe. Mwaka wa tisini na nne kazi hiyo ilimwangukia Chrispinus, kitinda mimba wa Pascalia. Alikuwa kidato cha pili, mpole mpaka tulikuwa tukimtania kwamba atakuwa padri.

Haukupita muda, upole ukaisha. Akaacha kulala. Akawa anajibizana na mtu asiyeonekana, anajaza udongo masikioni, anagonga kichwa ukutani hadi damu inamtoka puani. Dada yake alipompelekea chakula, alimrukia akamkaba koo. Na baba mtu? Alichekelea! Akawaita wanaume wenzake waje waone jinsi kijana alivyoiva.

Pascalia hakucheka. "Baba Chris, huyu mtoto ni mgonjwa," alimwambia mbele yangu. "Hii kitu ilianza hata kabla aletwe kwa ng'ombe. Alikuwa anasemanga watoto wa shule wanamsengenya, na hakuna mtu alikuwa anamsengenya. Wacha nimpeleke hospitali ya misheni."

"Unataka kunipozea ng'ombe?" Shikanga akamzaba kofi, kisha akamfukuza kwa fimbo mpaka mlangoni kwangu.

Siku ya pambano ngoma za isukuti zilianza kulia asubuhi. Ngoma hizo kwetu ni raha, lakini Chrispinus zilimwingia vibaya. Alipiga kelele njia nzima kwamba zinamtaja jina, kwamba zinasema auawe. Uwanjani, Komando alipofungana pembe na mwenzake, kijana alichomoa panga akamkata Komando mguu wa nyuma. Fahali akaanguka akikoroma. Shikanga alikimbia kumzuia mwanawe, naye akakatwa begani.

Hapo moto uliosifiwa wiki nzima ukageuka kosa. Wanaume wale wale waliokuwa wakimshangilia walimwangukia Chrispinus kwa rungu na mawe. Niliona jiwe likimpiga jichoni. Nilipiga mayowe mpaka sauti ikanikauka. Pascalia alipenya katikati ya miguu yao akamlalia mwanawe, na hawakuacha. Walimvunja mkono, wakamng'oa meno. Waliacha tu pale Shikanga mwenyewe, damu ikimchuruzika, alipojitupa juu ya wote wawili. Mpaka leo nikikutana na wengine wao kanisani, wakinipa mkono wa amani, siupokei.

Chrispinus hakufa, ila jicho la kushoto lilikwenda. Dawa zilimrudishia usingizi na akili, ingawa shule hakuirudia. Daktari alimweleza Pascalia kwamba ugonjwa huo mara nyingi huanza katika umri huo wa ujana, na kwamba kama angeletwa mapema, dalili zilipoanza, wangemtuliza mambo yasifike kwenye panga. Pascalia alilia siku hiyo, na hakuwa akililia mkono. Alikuwa na hasira.

Tangu hapo akawa mtu wa kuwaudhi watu. Akisikia kijana fulani amejifungia ndani, hali, halali, au anacheka peke yake, anaingia kwenye boma hilo bila hata kupiga hodi. Wengine wamemwita mchawi. Kuna aliyemwachilia mbwa wakamrarua mguu. Haachi.

Mwaka jana nilifuatana naye kwa Osundwa, mkata miwa, baada ya kusikia kilio. Tulimkuta amemfunga binti yake Lynette kwenye nguzo ya jikoni, anamchapa mgongoni. Msichana alikuwa amekataa kwenda shule kwa sababu, alisema, redio ya jirani inamsema yeye. Pascalia alimnyang'anya Osundwa fimbo kwa mkono wake mmoja mzima. Osundwa akamsukuma, Pascalia akaanguka kifudifudi kwenye mafiga, akainuka, akaanza kufungua kamba.

"Mama Chris, toka kwangu!" Osundwa alinguruma. "Hii ni kiburi tu. Ako na wazimu gani? Amepiga nani? Amekata nani?"

"Hajakata mtu," Pascalia akamjibu, mdomo ukimvuja damu. "Ndio maana nimekuja leo."