Chumba na Sebule Makote

Barua ya uhamisho ilinitaka niripoti shule mpya Newala Jumatatu, nami naishi Lisekese, nje kidogo ya Masasi, na mama yangu aliyepooza upande mmoja. Nimezaliwa peke yangu, hana mwingine. Ijumaa nikamwachia jirani, nikaenda kututafutia nyumba.

Saa moja asubuhi niliondoka stendi ya Masasi. Vilima vya mawe vikabaki nyuma, gari likaanza kupanda. Ulikuwa mwezi wa Oktoba, vumbi jekundu kila mahali na korosho zimeanikwa uani. Njia nzima watu walisukuma baiskeli zenye madumu ya maji. Sikuyatilia maanani, mjinga mimi.

Saa nne nilikuwa Makote, pale pale Newala. Nilielekezwa kwa Mama Zuhura, mjane mwenye nyumba ya chumba na sebule nyuma ya kwake. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akanitembeza. Sakafu ya saruji, dirisha la wavu, mlango mpana wa kupitisha kiti cha magurudumu. Moyo ulitulia. Mwisho akanipeleka uani, akafunua kisima cha kukingia maji ya mvua. Yalikuwa yamebaki ya kufika kifundoni. Alisema ndiyo ya kila mtu hapo mpaka mvua zirudi.

"Mko wangapi, mwalimu?"

Nikazifikiria shuka za mama, ninazofua kila asubuhi.

"Niko peke yangu."

"Alhamdulillahi," alisema. "Mpangaji aliyehama alikuwa na mgonjwa, mwanangu. Tulikosana kwa maji tu, basi."

Nilipaswa kusema palepale. Akanipa ufunguo, nikaupokea.

Alasiri nilirudi Masasi. Njia nzima nilijitetea kimoyomoyo: nitamleta mvua zikianza, nitanunua maji ya madumu. Lakini mtu uliyekwisha kusema hayupo, unamletaje? Sikujua kabla ya siku hiyo kwamba ni rahisi hivyo kumkana mtu unayempenda. Niliona aibu hata kumtazama abiria wa pembeni.

Jioni nilimkuta mama amekaa kitandani, nguo zake zimefungwa kwenye kanga. Aliuliza kama huko kuna baridi. Nikamwambia ipo, nyumba nimepata, ila maji ni ya shida, kwa hiyo nitatangulia mimi.

Akaniinulia macho.

"Umewaambia nipo?"

Niliuweka ufunguo mezani. Kwa ule mkono wake mmoja mzima, akaanza kulifungua fundo la kanga.