Tulivyobeba Ngoma Kutibu Titi la Dada Nekesa

Tulisafiri kwa sababu dada yangu Nekesa alikataa kisu. Daktari alimwambia uvimbe wa titini ni saratani, bado mdogo, ukatwe upesi kabla haujaenea. Dada akauliza kama hakuna njia nyingine. Daktari, mtu mkweli kupita kiasi, akamjibu kwamba ng'ambo wanajaribu mashine inayokusanya mawimbi ya sauti mahali pamoja mpaka yachome uvimbe bila kupasua ngozi. Hapa Kenya haikuwepo.

Nyumbani Makongeni, mumewe Barasa, mpiga ngoma mkuu wa kanisa letu la kanzu nyeupe, aliona jambo ni jepesi. "Sisi ndio tumekosa sauti?" aliuliza. "Kila Jumapili majirani wanalia."

Jumamosi asubuhi tuliondoka kwa miguu kwenda kanisa la wenzetu la Mukuru, ambalo mabati yake hurudisha sauti, na kanzu, bendera na ngoma zetu, mgonjwa akiwa mbele. Nyinyi waumini wenzetu mliobaki nyumbani mnajua kwamba kwetu mgonjwa hasindikizwi na mtu mmoja.

Sokoni Kariokor tulisimama ili ngoma kubwa iwambwe ngozi mpya. Fundi alipoelezwa kazi ya ngoma hiyo akakuna kichwa. "Ya kuchoma cancer? Hiyo lazima nivute ikaze sana, mathe," akamwambia dada.

Majengo, wachuuzi walitupisha wakidhani tunasindikiza maiti. Dada akawapungia mkono.

Mchana tukafika Mukuru kwa Reuben, kwenye kanisa la mabati la wenzetu wanaofanya vibarua viwandani. Shemeji alimkalisha dada katikati, ngoma zote zikamzunguka zikielekezwa titini. "Tukipiga pamoja, sauti itakutana hapo tu," alisema. Mabati yalitetemeka na mbuzi wa jirani akakata kamba. Dada alivumilia, jasho likimtoka, kisha akatuashiria tuache na kujipapasa ndani ya kanzu.

"Uko palepale," alisema, akalia. Nami nililia. Niliogopa kwamba tunampoteza huku tukicheza.

Jumatatu tulirudi kwa daktari, ngoma zikiwa mgongoni. Alisikiliza habari zetu hadi mwisho bila kucheka, sijui aliwezaje. "Sauti ya mashine ile haisikiki," alieleza. "Ni ya juu mno kwa sikio la binadamu."

Shemeji alifikiri. "Kumbe tulikosea hapo. Tulikuwa tunasikika."

Dada alimtazama mumewe, kisha daktari. "Nitakubali kisu. Lakini hawa wapige ile isiyosikika, hapo nje, mpaka niamke."

Siku ya upasuaji walisimama langoni mwa hospitali wakipiga hewa, viganja vikiishia kabla ya kugusa ngozi. Askari alikuja kuwafukuza kwa sababu ya kelele, akatega sikio kwenye ngoma, kisha akarudi kibandani kwake. Shemeji alilia muda wote, lakini mdundo hakuupoteza.

Jioni dada alifumbua macho, kifua kimefungwa bandeji. "Walipiga?"

"Walipiga."

"Sikusikia kitu."

"Shemeji anasema ndiyo yenyewe."

Tulipomrudisha Makongeni, jirani anayetulalamikia kila Jumapili alitoka mlangoni kuuliza mbona leo tuko kimya. "Wamechoka," dada akamjibu. "Wamepiga sana."

Nilichojifunza ni kwamba kisu ndicho kilichomtoa dada uvimbe, na msikubali shemeji awaambie vingine. Ila aliyemfikisha kwenye kile kisu ni shemeji na ngoma zake.