Nusu ya Masharubu ya Bwana Stesheni

Jumamosi, tarehe 9 Agosti. Asubuhi kulikuwa na mawingu, kisha manyunyu kidogo ya kutosha tu kuharibu nguo zilizoanikwa, kisha jua kali.

Siku hiyo kinyozi wa nyuma ya soko aliapa mbele ya mkewe, mswaki ukiwa bado mdomoni, kwamba hatatamka neno lolote kuhusu kitabu.

“Toa mswaki kwanza,” mkewe alimwambia. “Haya, sema tena.”

“Sitasema kitu kuhusu kitabu.”

“Wala mhariri.”

“Wala mhariri.”

“Wala yule mtu wako wa kisimani. Baba Watoto, huyu anayekuja leo si mteja. Ni baba wa kijana anayetaka kumwoa binti yetu, na kesho saa kumi familia mbili zinakaa kupanga harusi. Ameshasema hapendi watu wa maneno mengi. Mnyoe, mpake spiriti, muage aende zake.”

Mama huyu alikuwa na sababu ya kuogopa. Mumewe alikuwa mtunzi aliyechapishwa, riwaya nzima yenye picha yake nyuma, na mtaani walimwita Mtunzi hata wale ambao hawajafungua ukurasa. Lakini kila kazi aliyowahi kuishika, utunzi uliitafuna kama mchwa. Alipokuwa mlinzi wa bohari, wezi walibeba lango lenyewe yeye akiwa ameinamia sura ya nne, sura ambayo kwa bahati mbaya ilihusu wezi. Alipokuwa mapokezi hospitalini, aliandika habari za mgonjwa wa mafua kwa majonzi makubwa hata daktari akataka kumlaza. Akauza bima, lakini alisimulia ajali kwa ufundi mno, wateja wakaogopa kutoka nyumbani, na mtu asiyetoka nyumbani hanunui bima ya safari.

Kwenye unyozi ndipo alipotulia. Mtu akishafungwa kitambaa shingoni na nusu ya kichwa imenyolewa, haendi popote. Kila sura ya riwaya ile ilisomewa kwanza vichwa vya mtaa mzima.

Ila alikuwa na tabia moja. Kinyozi huyu husimulia kwa mikono. Mtu akikimbia kwenye hadithi, mashine nayo hukimbia. Fundi cherehani wa jirani aliwahi kutembea mwezi mzima na barabara nyeupe kisogoni kwa sababu ya mbio za farasi. Wenyeji walishajua dawa yake. Wakiona hadithi inaelekea pabaya, walisema tu, “Mtunzi, weka chombo chini,” naye aliweka.

Mgeni wa siku hiyo hakulijua hilo.

Aliingia manyunyu yakiwa yamekwisha, suruali imepigwa pasi, viatu vinang’aa. Alikuwa mkuu wa stesheni aliyestaafu, na watu bado walimwita Bwana Stesheni. Masharubu yake yalifika kabla yake: mazito, meusi kwa msaada wa rangi, ncha zimekunjwa juu kama mikono ya kikombe.

“Nipunguzie ncha tu,” alisema akikaa. “Kesho kuna kupiga picha.”

“Ncha tu, mzee.”

Mkasi ukafanya kazi. Kinyozi alinyamaza hadi masikio yakaanza kumwasha. Bwana Stesheni akakiona kitabu kwenye rafu, kati ya chupa ya spiriti na kopo la poda.

“Ndicho hiki?”

“Ndicho.”

“Kinahusu nini?”

“Watu tu, mzee.”

“Mwanangu ananiambia sasa unaandika kingine. Eti kuna mtu umemtia kisimani.”

Kinyozi akatazama mlangoni. Mkewe hakuwepo. “Yupo,” akasema taratibu.

“Amekosa nini?”

Hapo kiapo kikayeyuka. Kinyozi alijiambia kwamba si yeye aliyeanza, ameulizwa, na mkwe akiuliza hujibiwa. Akabadilisha chombo, akachukua wembe ili anyooshe ukingo wa juu wa masharubu, na huku ananyoosha akaanza kueleza. Ni ndugu wawili wanachimba kisima katika shamba la marehemu baba yao. Mdogo yuko chini, mkubwa yuko juu ameshika kamba.

“Na shamba ni la nani?” Bwana Stesheni aliuliza.

“Hapo ndipo penyewe, mzee.”

“Ahaa!”

Hakuna kitu kinachomlevya mtunzi kama “ahaa” ya msikilizaji. “Mdogo akaita kutoka chini: Kaka, vuta! Mkubwa akaitazama kamba. Akalitazama shamba. Akachomoa kisu kiunoni…”

“Usiniambie!” Bwana Stesheni akainua kidevu.

“Akakata!”

Na mkono ukakata.

Sharubu la kushoto likaanguka juu ya kitambaa cheupe, zima, ncha yake bado imekunjwa.

Bwana Stesheni akajitazama kwenye kioo. Akaziba upande mmoja kwa kiganja, akaziba wa pili. “Liko wapi?”

“Hapo mapajani, mzee.”

“Lirudishe.”

“Mzee, haiwezekani. Labda nisawazishe na hili la…”

“Ukinigusa naita polisi!”

Aliokota sharubu lake, akalitia mfuko wa shati, akatoka akiwa bado amefungwa kitambaa shingoni. Kutoka mgongoni ungedhani ni mtoto anayekimbia kulishwa.

Nyumbani habari ilishafika. Binti alikaa ukingoni mwa kochi, simu mkononi. Mchumba wake alikuwa amempigia: baba yake amejifungia chumbani, na anasema kesho hakuna kikao wala harusi.

“Baba, kweli ulishindwa kungoja anyanyuke?”

“Aliuliza mwenyewe, mwanangu.”

“Vichwa vyote vya mtaa huu ni vyako,” mkewe alisema. “Mimi nilikuomba kimoja. Kimoja tu! Sasa nisikilize. Kesho asubuhi unakwenda kuomba radhi, na unakwenda bila neno hata moja. Maneno yako ndiyo yaliyotufikisha hapa.”

Kinyozi hakubisha. Lakini mezani aliwaza. Ataombaje radhi bila maneno, naye mali yake yote ni maneno? Alimtazama binti yake akiondoa sahani bila kuimba kama ilivyo kawaida yake, na hilo lilimuuma kuliko makaripio yote.

Asubuhi ya Jumapili, mbingu ikiwa safi, alisimama mbele ya kioo cha bafuni. Naye alikuwa na masharubu, membamba lakini ya heshima, yaleyale ya kwenye picha nyuma ya kitabu. Akahakikisha kwanza ni upande upi, kisha akanyoa la kushoto, akaliacha la kulia.

“Mtunzi, wembe umekwisha makali njiani?” muuza magazeti alimtupia. Hakujibu.

Mlango alifunguliwa na mke wa Bwana Stesheni. Mama alimtazama mara moja, akashika mlango asianguke kwa kicheko. “Mume wangu, njoo! Pacha wako amekuja!”

Bwana Stesheni akatokea, taulo limeziba mdomo. Akamtazama mgeni mdomoni. Taulo likashuka.

“Sema basi.”

Kinyozi akatikisa kichwa.

“Umekuwa bubu?”

Akaitikia kwa kichwa kwamba ndiyo.

Nusu ya mdomo isiyo na masharubu ikaanza kutetemeka, na nusu ya pili ikashindwa kujizuia. “Ingia, ingia, majirani wanatazama.”

Kiti kikawekwa barazani. Kinyozi alimnyoa sharubu lililobaki kimya kimya, kisha akajinyoa lake. “Kumbe una mdomo mzuri hivi!” mama alimwambia mumewe. “Miaka yote umenifichia.”

Bwana Stesheni akajipapasa, akakohoa. “Haya. Yule kijana wa kisimani. Amekufa?”

Kinyozi akakung’uta kitambaa. Mhariri alikuwa amemsihi tangu mwezi uliopita amwokoe kijana huyo, naye alimjibu kwa madaha kwamba kazi ya sanaa haiombewi msamaha.

“Nakuuliza, bwana mkwe. Sikulala kwa ajili yake. Ukimuua, saa kumi sionekani.”

Kinyozi alisikia vizuri alivyoitwa. Akaufuta wembe, akaukunja, akautia mfukoni, akafunga kifungo cha mfuko. Kisha akakaa juu ya mikono yake yote miwili.

“Kule chini, bwana mkwe,” akaanza, “kulikuwa na maji.”